Tensi za Kiingereza: anza na viambishi unavyovijua tayari

Mwanafunzi akitoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza ndani ya likizo moja. Kinachofuata, awe Chamwino, Kongwa au hapa Dodoma mjini, ni jedwali la tensi kumi na mbili ubaoni na agizo la kulikariri. Jedwali halina kosa. Shida ni kwamba halimwambii ni tensi ipi kati ya hizo inayobeba sentensi ambayo tayari anayo kichwani kwa Kiswahili. Na kichwani mwake kuna -na-, -li-, -me- na -ta-. Basi tuanzie huko huko. Kila kimoja kikivuka kwenda Kiingereza hupasuka vipande viwili au vitatu, na makosa mengi hukaa pale kwenye mpasuko.

Chukua -na-. "Nafanya kazi Mtumba" inaweza kuwa kazi ya miaka yote au ya dakika hii, na Kiswahili hakina shida na hilo. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Kipimo chake ni rahisi: tanguliza "huwa". Sentensi ikikubali, "huwa nafanya kazi Mtumba", andika "I work in Mtumba". Ikikataa "huwa" ikataka "sasa hivi", andika "I am working". Mtu aliyejenga Area C akisema "I am staying in Area C", msikilizaji anaelewa kwamba amefikia kwa ndugu na ataondoka. Mkazi anasema "I live in Area C". Halafu kuna vitenzi vya hali ambavyo kwa kawaida havivai -ing hata kama jambo ni la sekunde hii: know, want, need, like, understand, believe, na have ikiwa na maana ya kumiliki. Kwa hiyo "I have two children", wala si "I am having".

Kwenye mazoea kuna ile s inayosumbua hata watu wenye shahada: "I grow grapes", lakini "my brother grows grapes in Hombolo". Inakuja kwa mtu au kitu kimoja kinachozungumziwa, basi. Study inakuwa studies, ila play inabaki plays kwa sababu kabla ya y kuna irabu.

Ukiuliza au ukikanusha, s hiyo inahama. "Does he grow grapes?" "He doesn't grow grapes." Makosa ya "does he grows" na "I didn't went" yana chanzo kinachoeleweka: Kiswahili huweka alama kwenye vitenzi vyote viwili. Tunasema "alikuwa anakwenda", a- huku na a- kule. Kiingereza hubebesha mzigo kitenzi kisaidizi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika kitenzi kikuu, angalia kilichokitangulia. Baada ya do, does, did, will, can na must, kitenzi kinakuja kitupu. Baada ya have, has na had kinakuja katika umbo la tatu: gone, eaten, written. Baada ya am, is, are, was na were kinakuja na -ing, isipokuwa kama mtendwa ndiye anayetajwa, ndipo umbo la tatu linarudi: "the road was built". Ukishika mistari hii mitatu, nusu ya lile jedwali umeshaimaliza.

Sasa -me-, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na vitabu vingi huipitia juu juu. Wanafunzi huambiwa -me- ni have pamoja na umbo la tatu. Ni kweli mara nyingi: "nimemaliza" ni "I have finished". Lakini -me- ina kazi nyingine mbili ambazo have haiziwezi.

Ya kwanza ni hali aliyomo mtu. Mtu anapiga simu kumuulizia kaka yako, unajibu "amelala". Ukisema "he has slept", umemwambia kwamba kaka amekwishapata usingizi wake, pengine yuko macho. Ulitaka kusema "he is asleep". Vivyo hivyo amesimama ni "he is standing", amekaa "he is sitting", amevaa koti "she is wearing a coat", nimechoka "I am tired", nimeshiba "I am full". Jiulize: yuko hivyo sasa hivi? Kama jibu ni ndiyo na unachokieleza ni hali yake, tafuta am, is au are kwanza.

Ya pili ni pale -me- inapokaa na saa au siku iliyokwisha. Kiswahili kinaruhusu "basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi". Kiingereza hakiruhusu "the bus has left at six". Ukishataja wakati uliokwisha, iwe jana, juma lililopita au mwaka fulani, have inatoka na umbo la pili linaingia: "the bus left at six". Linganisha kwa jambo moja tu: "Dodoma became a city in 2018", kwa sababu mwaka umetajwa na umepita. "Dodoma has become a city", kwa sababu hatutaji lini. "Dodoma has been a city since 2018", kwa sababu hali ilianza hapo na haijakoma. Hapo kwenye since ndipo -na- inapowaponza wengi. Sisi husema "naishi hapa tangu 2018", wao "I have lived here since 2018", kamwe si "I am living". Since hufuatwa na mwanzo. Kama unataja urefu wa muda, tumia for: "for seven years".

Jambo dogo lakini lenye madhara: "he has gone to Kondoa" maana yake bado yuko huko. Kama alikwenda akarudi, ni "he has been to Kondoa".

-li- yenyewe ni nyepesi. Mtego uko kwa mwenzake, -ka-. Tukisimulia tunaweka -li- mara moja kisha -ka- zinafuata: nilikwenda soko la Majengo, nikanunua nyanya, nikarudi. -ka- haijitajii wakati, inaegemea -li- ya mwanzo. Ndiyo maana insha nyingi husomeka "I went to Majengo market and buy tomatoes and come back". Kiingereza kinataka kila kitenzi kijitegemee: went, bought, came back.

Kwenye -ta-, will inatosha kuanzia. Safari yenye ratiba husemwa kwa wakati uliopo: "the train leaves at six". Na chunga "utakapofika": ile -taka- inakuvuta uandike "when you will arrive". Sahihi ni "call me when you arrive".

Maumbo matatu ya vitenzi usiyakariri kwa alfabeti. Yapange kwa sauti: cut na put hazibadiliki, buy, bring, teach na think zote huishia kwenye bought, brought, taught, thought, drink, sing na swim huenda drank, drunk na wenzake. Hamsini za kila siku zinatosha kwa kuanzia. Zitenge fall, fell, fallen na feel, felt, felt, maana huchanganywa kila mtihani. Kuhusu -ed, isome kama silabi kamili baada ya t au d tu, kama kwenye wanted na needed. Worked ni silabi moja, inaishia na t.

Kuna swali la kukanusha pia, linaloponza watu hasa kwenye usaili. "Hujawahi kufanya kazi ofisini?" Kwa Kiswahili unajibu "ndiyo, sijawahi". Kwa Kiingereza "yes" hapo inamaanisha umewahi. Jibu ni "no, I haven't".

Mazoezi yawe ya daftari. Andika sentensi kumi za Kiswahili za siku yako, piga mstari chini ya kila kiambishi cha wakati, ndipo uandike Kiingereza chini yake. Kusahihisha usitafute makosa yote kwa mpigo. Pita mara ya kwanza ukiangalia -me- peke yake, mara ya pili s ya mtu mmoja, mara ya tatu kitenzi kinachofuata did. Wanaopita mara moja tu ndio huiacha "didn't went" kwenye ukurasa walioapa wameukagua.