Waliomjua Baba Yangu ni Wenzake wa Klabu, Si Mimi

Shangazi,

Baba yangu alifariki miezi minane iliyopita. Kwa miaka 38 alikuwa mwanachama wa klabu ya pikipiki za zamani, na Jumapili zake zote aliziishia huko. Siku ya mazishi wenzake walisimulia visa vyake hadi watu wakacheka huku machozi yakiwatoka, nami sikuwa nimewahi kusikia hata kimoja. Sasa wameandaa msafara wa kumkumbuka na wananiomba nizungumze kwa niaba ya familia. Kaka yangu anataka pikipiki ya baba, Triumph Bonneville ya Kiingereza ya mwaka 1967, iuzwe kabla ya siku hiyo ili mambo yaishe. Mimi nina uchungu na, nikisema kweli, nina wivu. Nitasema nini juu ya mtu ambaye wengine walimjua kuliko mimi? Si afadhali nikatae?

Binti wa Jumapili

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Usikatae, wala usiuonee haya wivu wako. Mtoto aliyezoea kusimama mlangoni akisikiliza mlio wa injini ukififia barabarani ana haki ya kuuliza ni kitu gani huko kilichompendeza baba yake kuliko nyumbani. Sitakwambia kwamba alikupenda kwa namna yake, kwa kuwa maneno hayo tumeyazoea mno na hayajamponya mtu. Ninachoweza kufanya ni kukueleza huko alikokuwa akienda palikuwa ni mahali pa namna gani, maana nadhani humo ndimo lilimo jibu la nini ukaseme.

Bonneville ilitoka mwaka 1959, silinda mbili, sentimita za ujazo 650, na kwa miaka kadhaa haikuwa na mpinzani mkubwa. Kisha mwaka 1969 Honda wakaleta CB750 yenye silinda nne, breki ya diski na swichi ya kuwashia, na pikipiki za Uingereza zikaonekana za kizee ghafla. Kampuni ya BSA, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimiliki Triumph, ilianguka mwaka 1973. Kiwanda cha Triumph huko Meriden, Uingereza, kikaendelea kwa kusuasua mikononi mwa wafanyakazi wenyewe hadi mwaka 1983. Kiwanda kikifa, kinachobaki ni vitabu vya ufundi na watu wanaokumbuka, na vitabu havisemi yote. Ni nani atakayekwambia kwamba pikipiki ya namna hiyo ikilala muda mrefu, sahani za klachi hugandana, na kwamba yakupasa ubane klachi na kupiga kiki mara kadhaa ili ziachane kabla hujaiwasha? Utaambiwa na mzee fulani aliyeambiwa na mwingine. Kwa hiyo klabu ya baba yako haikuwa ya matembezi na porojo tu, ingawa porojo, nakuhakikishia, zilikuwa nyingi.

Sasa turudi kwako. Katika sehemu ya barua yako ambayo sikuichapa, unalalamika kwamba ulipokuwa na miaka tisa alikukaripia mbele ya rafiki zako kwa sababu ulichukua spana yake moja kukazia baiskeli, ukaipoteza. Umelibeba jambo hilo hadi leo. Boliti nyingi za pikipiki zile hazikupimwa kwa milimita; zilifuata vipimo vya zamani vya Kiingereza, na spana ya kawaida huteleza juu yake na kuila kona zake. Spana uliyoipoteza huenda haikuwa rahisi kupata nyingine. Sisemi kwamba alifanya vema. Kumkaripia mtoto mbele ya wenzake ni kosa, hata spana ingekuwa ya dhahabu. Lakini kisa hicho ni chako peke yako, wala hakuna mwanachama hata mmoja anayekijua. Kasimulie hicho, pamoja na uchungu wake, na umalizie kwa kuuliza kama yupo mwenye spana ya aina ile. Nina hakika watacheka, na baadhi yao wataangalia chini kwa sababu nao wana watoto waliokuwa wakibaki mlangoni.

Usijaribu kusimulia safari zake, kwa kuwa hukuwako. Wao walimwona barabarani; wewe ulimwona Jumamosi usiku, amepiga magoti na karai chini ya injini, maana wenyewe hutania kwamba pikipiki ya Kiingereza isiyovuja oili imeishiwa oili. Waombe nao, mmoja mmoja na si kwenye mkusanyiko, wakupe visa ulivyovikosa. Andika. Hivyo ni urithi wako pia.

Kuhusu kaka yako, mwambie asubiri, kwa sababu ambayo hata yeye asiyetaka kusikia habari za kumbukumbu ataielewa: kuuza kwa haraka ni kuuza kwa hasara. Tafuteni hati za usajili, mlinganishe namba ya injini na ya fremu, na muweke pamoja risiti na madaftari yake yote. Petroli iliyokaa miezi minane imwageni, kwani huacha utando kama gundi katika matundu ya kabureta. Msiipake rangi mpya wala kuing'arisha. Mnunuzi anayejua huipenda jinsi ilivyo. Baada ya msafara, mkitaka kuuza, uzeni, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu.

Kabla ya siku hiyo, mwombe mwanachama mmoja mzee aje akufundishe kuiwasha. Atakuonyesha kitufe kidogo kwenye kila kabureta, unachokibonyeza mpaka petroli ikuloweshe ncha ya kidole. Baba yako aliingia ndani na harufu hiyo vidoleni kila Jumapili jioni. Vaa viatu vigumu, mwanangu, na usiukaze mguu, kwa maana kiki ya Bonneville ikirudi huuma.