Nipo ya breki iliyoganda

Ndugu, umesema nipo, yaani ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki, haigeuki hata kidogo. Usiilazimishe kabisa, maana ina tundu katikati, kwa hiyo inakatika upesi kuliko bolti ya kawaida. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa pale inapoingilia, kisha dondoshea oili ya kupenya na uiache usiku kucha. Oili isiguse pedi wala diski! Kesho yake rudia, na uigonge kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu lakini mara nyingi. Mtikisiko unapasua kutu na oili inapata njia ya kushuka kwenye meno. Tumia spana ya boksi (soketi) ya pembe 6, si ya 12, na spana ya mdomo wazi weka kando, ikiteleza mara moja tu pembe zinaliwa. Anza kwa kuikaza kidogo sana. Ikisogea, ilegeze robo mzunguko, irudishe, ongeza oili, endelea hivyohivyo. Moto sishauri hapa: ndani kuna mipira, na mafuta ya breki yanashika moto. Ikitoka, funga mpya.