Dola za safari ya Dubai: nunua mapema, na angalia noti unazopewa

Watu wanaojiandaa kwenda Dubai huwa wanaanza na tiketi, viza na hoteli, hela ya kutumia wanaikumbuka zimebaki siku mbili waruke, na hapo ndo wanapopigwa. Mtu ana haraka, anaingia duka la kwanza analoliona, anachukua dola zozote anazopewa kwa bei yoyote anayotajiwa. Mimi naenda Deira, eneo la masoko kule Dubai, kuchukua nguo za watoto na vipodozi, kwa hiyo haya mambo ya chenji nayajua kwa mfuko wangu.

Kwanza, usihangaike kutafuta dirham Dar. Zipo, ila si kila duka linazo na bei yake mara nyingi imekaa vibaya. Nenda na dola. Dirham ya Emarati imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725, haipandi haishuki, kwa hiyo ukibadilisha kule unachokatwa ni faida ya duka tu na maduka ya Deira yamebanana wanagombania wateja, unapata karibu na hiyo hiyo. Wanaokwenda Umra ni vile vile, riyal ya Saudia ni 3.75 kwa dola miaka nenda rudi. Ulaya hapana, huko usipite kwenye dola, kama unaenda Ujerumani tafuta euro hapa hapa, maana ukitoa shilingi kwenda dola halafu dola kwenda euro umekatwa mara mbili bila sababu.

Sasa ishu kubwa ni noti zenyewe, na hili wengi hawalijui mpaka wakwame dirishani. Dola si dola tu. Zile mia za zamani za kichwa kidogo zikwepe kabisa hata ukipewa kwa bei ya kutupwa, utazunguka nazo. Zinazopita bila maswali ni zile zenye utepe wa bluu katikati, zilianza kutoka 2013. Halafu angalia nyuma na mbele, kama ina mhuri mdogo wa wabadilishaji, imeandikwa peni, imechanika pembeni au imelowa, rudisha hapo hapo kabla hujatoka, usione haya. Kuna dada mmoja tulikuwa naye Deira, noti zake kadhaa zilikuwa na vimihuri vidogo sana, huwezi hata kuviona ukiwa na haraka, yule kijana wa dirishani akazisukuma zikarudi, tukazunguka mitaa ya Naif mpaka jua linatuchoma, mwisho akampata wa kuzichukua kwa bei ya huruma. Dola ni halali kabisa lakini hakuna anayekubali kuzipokea, utamfanya nini?

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi zako sema kabisa, nataka mia mia, mpya. Ukinyamaza utashindiliwa makumi na mafaivu, na hizo ndogo ukija kuziuza Dar siku nyingine unapewa bei ya chini kuliko za hamsini na mia. Kaa na ndogo chache tu za teksi na dharura. Na usizikunje kama hela ya daladala, weka kwenye bahasha au katikati ya daftari.

Bei nayo. Ubao una safu mbili, na wageni wa hii kazi huwa wanasoma ile nzuri wakidhani ni yao. Ile ndogo ni bei duka linanunua dola kwako, ile kubwa ndo wewe utakayolipa. Piga simu maduka matatu manne asubuhi, tuseme huyu anauza 2,600 na yule 2,620, kwenye dola 2,000 hiyo ni 40,000 imeondoka, nauli ya bajaji wiki nzima. Benki nazo jaribu, hasa kama una akaunti, ila jiandae na pasipoti, tiketi na viza, na jiandae kuambiwa njoo kesho. Wakati dola zimeadimika 2023 na 2024 kuna watu walikuwa wanapewa kidogo kidogo kama dawa. Ndo maana mimi nanunua mapema, kila nikipata faida naweka dola mia mbili tatu, siku ya safari sina presha na mtu.

Kanuni zilizoanza mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hazikukatazi wewe kununua dola ya safari. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu (BoT), chukua risiti uitunze, wa mtaani achana nao hata kama ni shemeji yako. Ukibeba dola 10,000 au zaidi lazima uzitangaze uwanjani kabla ya kutoka nchini, na kule Emarati mwisho ni dirham 60,000, ukizidisha hapo unatangaza pia.

Ukishuka Dubai badilisha kidogo tu pale uwanjani, ya teksi na maji, zilizobaki kafanyie Deira. Tuseme uwanjani wanakupa 3.55 na dukani 3.66, kwenye dola 2,000 umeacha dirham 220 mezani, hizo ni magauni kadhaa ya jumla. Kadi ya benki beba kama akiba, waambie benki yako mapema unasafiri isije ikafungwa, na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham chagua dirham, ile ya shilingi wameshaweka cha juu. Sarafu za dirham zimalizie huko huko kwa chai na maji, Dar hakuna anayezichukua.