Maswali na Majibu: Mkono wa Kushoto na Ubishi wa Vijiti

Barua za safari hii karibu zote ni za jambo moja: vijiti vya snea, ile dramu ndogo ya bendi, vishikweje kwenye gwaride. Kwa aliyeingia leo, mshiko wa jadi ni ule ambao mkono wa kulia unafunika kijiti na wa kushoto unakipokea, kiganja kikitazama juu. Mshiko sawa ni ule ambao mikono yote miwili inafunika. Haya, twende.

Shikamoo mwalimu. Mshiko upi ni bora, wa jadi au sawa? (Bendi ya shule, Morogoro)

Marahaba. Swali hili linarudi kila msimu wa sherehe za kitaifa, na jibu halijabadilika: inategemea dramu imekaaje. Kuna dramu iliyoinama na kuna dramu iliyolala sawa. Ukiniandikia tena, anza kwa kunieleza dramu yako inaning'inia vipi, la sivyo barua itabaki kwenye rundo.

Kwa nini mkono wa kushoto ndio ugeuzwe? Au ni mila tu za Wazungu? (Mombasa)

Chanzo ni mkanda. Katika majeshi ya Ulaya, dramu ndogo ilitundikwa kwa mkanda uliopita juu ya bega la kulia na kuiacha dramu ikining'inia karibu na paja la kushoto. Ilibidi ikae pembeni ili goti lipate nafasi ya kupanda. Ikishaning'inia hivyo, ngozi inainamia kulia na ukingo wa kushoto unabaki juu. Sasa jaribu kufunika kijiti kwa mkono wa kushoto juu ya ngozi iliyoinama namna hiyo: ama kiwiko kinapaa hewani, ama kijiti kinagonga chuma cha ukingo. Geuza kiganja kitazame juu, kiwiko kinashuka ubavuni na kijiti kinalala sambamba na ngozi. Hakuna siri nyingine ya muziki hapo, ingawa wapo watakaokuapia kwamba kushoto kwa jadi kuna "ladha".

Ushahidi uko kwa wapiga timpani, zile ngoma kubwa zenye umbo la bakuli, wa vikosi vya farasi. Ngoma zao zilikaa moja kila upande wa shingo ya farasi, zimelala sawa, na mikono yao yote miwili ilifunika. Hapa jirani, tazama ngoma za kifalme za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Ngoma imesimama chini, mpigaji ana vijiti viwili, na mikono ni pacha. Ngoma isipoinama, hakuna anayehangaika kugeuza kiganja.

Kwetu mshiko wa jadi uliingia na gwaride la wakoloni, likiwemo la King's African Rifles, kikosi cha Waingereza kilichoundwa mwaka 1902. Hata wacheza beni, ile ngoma ya vikundi shindani kama Marini na Arinoti, waliiga vyeo, sare na bendi za wakoloni, wakazitumia kutambiana wenyewe kwa wenyewe. Sina ugomvi na kuiga. Ugomvi wangu ni kuiga mkono na kusahau mkanda ulioulazimisha.

Bendi yetu ya kanisa imepata dramu za fremu, zile za kuvaa mabegani. Zimelala sawa kabisa, lakini mwalimu anataka wote tushike kijadi. Ni sahihi? (Moshi)

Si kosa, ila ni uamuzi wa sura, na mwalimu awaambie hivyo waziwazi. Marekani, ambako mashindano makubwa ya vikundi vya gwaride ya Drum Corps International yalianza mwaka 1972, dramu zimevaliwa kwa fremu miaka nenda miaka rudi, na bado vikundi vingi vya juu vinashika kijadi. Wanafanya hivyo kwa sababu ya urithi na kwa sababu inapendeza machoni. Wengine huiinamisha dramu kidogo makusudi ili kushoto kupate nafuu. Lakini vijana wale hushinda uwanjani kutwa nzima majira yote ya joto, na mwalimu amesimama mbele yao. Ninyi mnakutana Jumamosi jioni, nusu ya muda ukiishia kumsubiri mwenye ufunguo wa stoo.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama dramu imelala sawa na wapigaji ni wapya, washike sawa. Mkono wa kulia unamfundisha wa kushoto, kosa linaonekana haraka, na kijana huyo kesho akipewa dramu za tenor, timpani au marimba haanzi moja. Mshiko wa jadi ni kujifunza ufundi wa aina mbili kwa wakati mmoja. Wenye muda wajifunze, ni mzuri.

Jambo ambalo hukuniuliza: msichanganye. Nimeona mistari ambayo wawili wanashika hivi na watatu vile, kila mmoja na alichokiona YouTube. Mtazamaji wa barabarani anaona vijiti kabla hajasikia mdundo. Chagueni mshiko mmoja, kisha mkubaliane kijiti kinyanyuke kiasi gani kutoka kwenye ngozi. Bendi nyingi zinabishana juu ya mshiko huku kila mtu akinyanyua kijiti atakavyo.

Buddy Rich, yule mpiga dramu wa jazi, alishika kijadi. Huoni kwamba hilo linamaliza mjadala? (Nairobi)

Ringo Starr wa Beatles alishika sawa. Wote wawili walikaa kwenye kiti, wewe unatembea.

Natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Kiongozi anasema ninaharibu mstari. Nigeuze mkanda? (Kisumu)

Usigeuze, dada. Ukihamishia dramu upande wa kulia utagongana na jirani yako, na hapo kweli mstari utaharibika. Kwa mshiko sawa, shida yako ni moja tu: kukubali kuanza na mkono ambao wenzako wanaanza nao. Kwa mshiko wa jadi unaweza hata kuwa na nafuu, kwa sababu ule mkono wenye kazi ngumu ndio wako wenye akili. Ukipiga peke yako, panga upendavyo.

Na kama kiongozi huyo ni wa wale wanaochapa watoto mkono wa kushoto, mzazi aende akaongee naye.

Nashika kijadi. Kidole cha pete kimefanya lengelenge na kiganja kinauma. Nivumilie? (Dodoma)

Lengelenge vumilia kidogo, litageuka sugu. Maumivu ya kiganja na kifundo usiyavumilie hata siku moja.

Angalia mkono wako sasa hivi. Kijiti kikae ndani kabisa kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, ukikishika kama theluthi moja kutoka kwenye kitako chake. Upande wa chini kipumzike juu ya kidole cha pete, kati ya kucha na kiungo cha kwanza. Cha shahada na cha kati vipite juu yake bila kukandamiza. Ukikifinya kwa gumba ili kisidondoke, umekiweka vibaya, na ndiyo maana kiganja kinauma. Pigo litoke kwenye mzunguko wa mkono wa mbele, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Wengi wanapiga kwa kuvuta kifundo juu na chini, kisha wanalaumu mshiko.

Uliza pia mna ngozi gani. Ngozi za Kevlar, yaani za nyuzi ngumu za kiwandani, zilizoenea kwenye dramu za gwaride tangu miaka ya 1980, hukazwa mno na hazibonyei. Kila unachokosea kinarudi mkononi. Zinapiga kelele kali pia, kwa hiyo vaa vizibo vya masikio, hasa mkifanya mazoezi ukumbini chini ya mabati. Masikio yakishakufa hayafufuki.

Nitajuaje kushoto kumefikia kulia? (Tanga)

Weka simu irekodi, piga roli ya mapigo mawilimawili (kulia mara mbili, kushoto mara mbili, bila kukatiza), kisha sikiliza umefumba macho. Ukiweza kutaja ni mkono upi unapiga, bado. Halafu rudia kila zoezi ukianza na kushoto. Orodha ya mazoezi ya msingi ipo: chama cha wapiga dramu cha NARD kilianza kuipanga Marekani mwaka 1933, na PAS, chama cha wapiga ala za kugonga, ikaifikisha mazoezi 40 mwaka 1984. Anza na roli, paradidoli (kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kinyume chake) na flamu (pigo dogo likitangulia kidogo tu pigo kubwa). Mengine yatakusubiri.

Vijiti gani ninunue? (Wasomaji kadhaa)

Vinene na vizito, si vile vya jazi. Viviringishe juu ya kioo cha duka, kinachoyumba kirudishe. Kisha kigonge kila kimoja mezani: sauti zikipishana sana, hiyo si jozi. Na chukua jozi mbili, maana kimoja kitavunjikia mbele ya jukwaa la wageni.