Ukifika Łódź usiipite Bałuty kama nilivyoipita mimi

Łódź, jiji la Poland, inatamkwa kama "Wuch", jina lisikutishe. Nilikaa pale mwaka mmoja nasoma Kipolandi na kila asubuhi napanda tramu ya barabara ya Zgierska, macho kwenye simu, miezi mitatu nzima sijui napita wapi, mpaka mama mwenye nyumba aliponiuliza, mwanangu, ulishawahi kushuka pale kanisani?

Nikashuka. Kumbe barabara ile ilikata katikati geto la Vita Kuu ya Pili, yaani mtaa uliozungushiwa uzio wa kuwafungia Wayahudi. Wajerumani walilifunga 30 Aprili 1940, Wayahudi zaidi ya 160,000 wamebanwa mtaa wa Bałuty, lakini Zgierska yenyewe ikaachwa nje, tramu zikaendelea kupita kati ya uzio huku na uzio huku, na Myahudi akitaka kuvuka anapanda daraja la mbao. Yaani abiria wa wakati ule aliwaona wakitembea juu ya kichwa chake. Lile kanisa la matofali mekundu waligeuza ghala, wakachambua humo nguo na manyoya ya mito ya watu walioshapelekwa kuuawa.

Sasa ushauri wangu, usikimbilie kambi ya mauaji ya Auschwitz tu ukadhani umeshaona. Tembea Bałuty kwa miguu, polepole, maana watu wanaishi kwenye nyumba zilezile, wameanika nguo, na njaa iliyoua watu humo ndani huwezi kuihisi ukiwa kwenye basi la watalii. Soma kwanza kuhusu Chaim Rumkowski, Myahudi aliyewekwa na Wajerumani kuwa mkuu wa geto, aliyeamini Wayahudi wakishona sare za jeshi la Ujerumani wataachwa hai, na tarehe 4 Septemba 1942 akasimama mbele ya watu akawaomba wazazi watoe watoto wao wa chini ya miaka 10 wachukuliwe na Wajerumani. Nina binti wa miaka saba jamani, hapo nilifunga kitabu nikampigia simu nyumbani nisikie tu sauti yake.

Halafu nenda stesheni ya Radegast, watu wa geto walikopakiwa kwenye treni. Kuna handaki refu lenye orodha za waliosafirishwa, kwenda Chełmno, kambi nyingine ya mauaji, na baadaye Auschwitz Agosti 1944, zimepigwa kwa taipu, majina na majina. Usijaribu kuzimaliza. Chagua ukurasa mmoja usome wote, kwa sauti ukiweza, mimi nilifanya hivyo na ndiyo ninachokumbuka kuliko picha zote nilizopiga.

Makaburi ya Wayahudi usiende Jumamosi, ni Sabato pamefungwa, na mwanaume beba kofia. Waliokufa getoni, zaidi ya 40,000, wako kwenye uwanja mmoja mpana wenye nyasi. Kando ya ukuta kuna mashimo makubwa ardhini. Watu kama 800 waliobakizwa kusafisha geto waliyachimba wakijua ni makaburi yao wenyewe, ila Wasovieti wakaingia 19 Januari 1945 kabla hawajauawa. Mashimo hayakufukiwa, yako wazi mpaka leo.