Ukitaka kuwahi Mtumba, jifunze hesabu ya konda

Mwaka wangu wa kwanza Dodoma jina langu lilikaa chini ya mstari mwekundu karibu kila wiki. Waliowahi kuajiriwa wanaujua mstari huo. Kitabu cha mahudhurio kiko mapokezi, ikigonga saa moja na nusu asubuhi rula inawekwa, kalamu nyekundu inapita, na wewe unayeingia dakika tano baadaye unasaini chini yake huku mhudumu akikuangalia kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kufokewa.

Nakaa Nkuhungu, kazi iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nkuhungu ni magharibi ya mji, Mtumba iko mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam. Maana yake ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inanitoa Dodoma hadi Dar kwa saa tatu na ushei, lakini kuna siku nimetumia saa mbili kasoro kutoka mlangoni kwangu hadi ofisini, na sijavuka hata mpaka wa jiji.

Nilifanya wanachofanya wageni wote. Nikaamka mapema zaidi, nikafika kituoni mapema zaidi, nikachelewa vilevile. Kilichonifungua macho ni siku niliyokaa siti ya mbele nikamsikia dereva akiongea na tajiri wake, yaani mwenye gari, kwenye simu. Tajiri alikuwa anadai hesabu ya jana, ile hela anayopelekewa kila siku. Dereva anaapa kwamba gari halikupata abiria, tajiri anajibu kwamba hilo halimhusu. Alipokata simu akanigeukia, "Dada, si umesikia? Mafuta yangu, faini yangu, yeye anataka yake imekamilika. Kinachobaki ndiyo tugawane mimi na konda."

Tangu hapo niliacha kuuliza gari litapita saa ngapi. Nikawa najiuliza saa hizi hela iko wapi, kwa sababu daladala iko hukohuko.

Chukua asubuhi. Watu wote wa Mtumba wanaelekea upande mmoja. Gari likiwashusha, linarudi mjini na upepo. Kwa hiyo dereva aliyekwenda mara moja haoni haraka ya kwenda tena. Atakaa stendi hadi gari lijae kabisa, hadi watu wa nyuma wakae kama dagaa kwenye kiroba, ndipo aondoke. Wewe unayesubiri kituo cha katikati unamwona anapita amejaza, konda ananing'inia mlangoni, anakupungia mkono. Ukisimama kituo cha katikati kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, umesimama mahali ambapo hakuna anayekuhitaji. Nenda linakoanzia. Hata kama ni kutembea dakika kumi kurudi nyuma, rudi.

Au geuza nalo. Watu wa Dar hawahitaji kuelezwa: unapanda gari likiwa linakwenda usikokwenda, unalipa, unafika nalo mwisho, wanaposhuka wenzako wewe umeshakaa dirishani, halafu unalipa tena. Ni nauli mbili, najua. Jioni pale Mtumba mimi hugeuza mara moja moja mgongo unapouma, na sijawahi kuijutia hela hiyo.

Sasa kukatisha ruti, yaani gari kuishia njiani kabla ya mwisho wa safari, maana hapa ndipo nilipoumia. Siku hiyo tuliondoka mjini tumejaa. Tulipofika Nanenane, nusu ya gari ikashuka, wengine wanakwenda stendi kuu, wengine soko la Job Ndugai. Tukabaki kama saba. Konda akatuhesabu kwa kidole, akachungulia nje ambako kuna abiria wa mabasi ya mikoani na mabegi yao wanataka kuja mjini, akapiga bati mara mbili. "Mwisho hapa! Wa Mtumba tunawafaulisha!" Nilikuwa nimeshalipa. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi alikuwa ameshalipa. Konda akatoa noti zilizokunjwa kati ya vidole, akamsogelea konda wa gari lililokuwa nyuma, wakanong'ona, akampa kitu. Tukapanda gari la pili. Tulipokaribia Ihumwa konda wa pili akaanza kudai nauli. "Mimi nimepewa ya watu wanne, nyie mko saba." Mama wa maandazi akamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa kwanza kupanda humu, kwa hiyo mimi ni kati ya hao wanne," na akafunga macho. Sisi wengine tukalipa tena. Niliingia kazini saa mbili na robo.

Kukatisha ruti ni kosa, na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, wanapokea malalamiko ukiwa na namba ya gari, ruti na saa. Andika hivyo vitu vitatu kwenye simu palepale, kwa sababu ukifika nyumbani utakumbuka hasira tu. Lakini malalamiko ya leo hayakuwahishi leo. Kinachokuwahisha ni hiki: usilipe kabla ya kuvuka Nanenane. Konda akija, mwambie "nitakupa mbele, natafuta chenji," kwa upole, huku ukipekua mkoba. Gari likikatisha, wewe hela yako unayo, unashuka unachagua gari lingine kama bwana. Na unapopanda usimuulize konda kama gari linafika, maana konda hana jibu zaidi ya "linafika". Tazama rangi na maandishi ya ruti ubavuni. Kama ubavuni pameandikwa kwingine na mdomoni pa konda ni Mtumba, ujue utashushwa.

Kuhusu chenji yenyewe sina mengi. Usipande asubuhi na noti ya elfu kumi. "Utachukua ukishuka" ndiyo akiba niliyoiweka kwa makonda wengi wa jiji hili.

Jioni kuna tatizo lake. Serikali inatoka saa tisa na nusu, na ofisi nyingi za Mtumba zinamwaga watu kwa pamoja. Wenye mabasi ya wafanyakazi wanapanda wanaondoka, wenye magari binafsi wanafunga vioo, sisi tunabaki barabarani. Saa kumi hadi saa kumi na moja ni vita; nimeona mtu mzima, na tai yake, akiingizwa kwa dirisha. Mimi siendi barabarani saa hiyo. Nabaki ofisini namalizia kazi ya kesho, au nakunywa chai kwa mama ntilie, natoka saa kumi na moja na nusu. Nafika nyumbani karibu saa ileile ambayo ningefika kama ningegombania, tena kiatu kikiwa safi.

Angalia pia kalenda ya Bunge. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, linaleta wageni, magari na misafara. Msafara ukipita barabara ya Dar mnasimamishwa, na hakuna ujanja wa konda utakaokusaidia. Miezi hiyo mimi natoka nyumbani nusu saa kabla ya muda wangu wa kawaida, bila kujadiliana na nafsi.

Mvua nayo. Dodoma mvua ni chache, ndiyo maana zikija zinatukuta hatujajiandaa. Kati ya Desemba na Aprili korongo lililokuwa njia ya mkato jana leo lina maji yanayobeba mawe, na bodaboda aliyekupeleka kwa elfu moja anataka elfu tatu. Viatu vya ofisi viache ofisini, njiani vaa kandambili. Kiangazi, Julai na Agosti, upepo na vumbi. Mtandio au kitenge cha kujifunika, hasa ukikaa siti ya mlangoni.

Wengine mtasema bajaji. Nilijaribu. Tulikuwa majirani watatu, tukapatana na kijana wa bajaji atupeleke hadi stendi mjini kila siku saa kumi na mbili kamili, tunamlipa kwa wiki. Miezi miwili ilikwenda vizuri sana. Kisha jirani mmoja akawa hatoki ndani mpaka apigiwe honi mara tatu. Bajaji ilikuwa nzima, kijana alikuwa mwaminifu, tuliovunja mpango ni sisi. Ukipatana na watu, patana na wanaoamka.

Jambo moja ambalo si la kuwahi ila linanikera. Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na kwa hesabu ileile ya tajiri, konda anamwona mwanafunzi kama siti iliyopotea. Utawaona watoto wa sare wamesimama kituoni magari matatu yanapita. Mimi nikipanda na nikaona mtoto anasukumwa mlangoni, namshika mkono nasema "huyu wangu". Konda anajua si wangu, jana pia nilikuwa na mwingine. Mara nyingi ananyamaza. Siku moja aliniuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Gari zima likacheka, mtoto akapita.

Siku hizi jina langu liko juu ya mstari, Jumanne hadi Ijumaa. Jumatatu bado. Walioenda vijijini wikiendi wanashuka Nanenane na magunia, daladala zinawafuata hukohuko, na mimi nabaki mjini nimeshika nauli mkononi. Mwenye dawa ya Jumatatu aniambie.