Kihisi Kinachovaliwa Mwilini Kijaribiwe Uwanjani

Vijana wanaounda vifaa vya afya hapa Kampala huniuliza mara kwa mara kwa nini kihisi cha mapigo ya moyo kinachofanya kazi vizuri mezani hupoteza data mara tu mgonjwa anapokivaa na kuanza kutembea. Wengi hushuku umbali, ilhali kihisi cha kifuani na simu iliyo katika mfuko wa nyuma wa suruali haviachani hata mita moja. Kizuizi ni mwili wenyewe. Sehemu yake kubwa ni maji yenye chumvi, na mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Bluetooth humezwa karibu yote yanapojaribu kupenya kiwiliwili. Yanayofika upande wa pili ni yale yaliyotambaa kuuzunguka mwili au yaliyogonga ukuta yakarudi.

Ndiyo maana jaribio la ndani hudanganya. Kuta na paa la mabati hurudisha mawimbi kutoka pande nyingi, kwa hiyo kipokezi hupata chochote hata njia ya moja kwa moja ikizibwa. Mpeleke mvaaji mahali peupe kama uwanja wa Kololo, kihisi kikiwa mkononi na kipokezi kikiwa mbele ya mwili, kisha tazama grafu ya nguvu ya mawimbi anapotembea: mkono ukipunga mbele mstari hupanda, ukipita nyuma ya nyonga huporomoka. Nimeshuhudia ukishuka kwa desibeli 20, yaani nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya mia.

Msikimbilie kuongeza nguvu ya kurusha, kwani betri itaisha mapema na mwili utameza kwa kiwango kilekile. Wekeni kipokezi upande uleule wa kihisi, kwenye mkanda kwa mbele, na antena iinuliwe milimita chache kutoka kwenye ngozi kwa kipande cha sponji. Data isiyothibitishwa kupokewa ihifadhiwe, irushwe tena baada ya muda mfupi, mkono ukiwa umeshapita.

Usingizi ni shida nyingine, nami naiogopa zaidi. Mgonjwa aliyekilalia kihisi anaweza kuziba mawimbi kwa saa kadhaa, na hapo kuhifadhi data hakumsaidii muuguzi anayesubiri king'ora. IEEE 802.15.6 ya mwaka 2012, yaani kanuni za kiufundi za mitandao ya vifaa vinavyovaliwa mwilini, inaruhusu kifaa kingine mwilini kupokea na kupitisha ujumbe. Pasipo kifaa hicho, fungeni vipokezi viwili, kimoja kila upande wa kitanda.